HARUFU YA MOSHI NYUMBANI: JINSI YA KUIONDOA NA KUIZUIA ISIRUDI

Msomaji na amfikirie mkulima mmoja wa nchi ya milimani, mtu wa bidii, aliyeuza kahawa na maziwa miaka mingi hata akapata fedha za kujenga nyumba ya mawe yenye paa la mabati. Nyumba ilipokwisha aliitia rangi nyeupe ndani, akanunua viti na kabati, na majirani wakaja kumpongeza. Lakini jiko lilikuwa chumba kimoja cha nyumba hiyo hiyo, na ndani yake yaliwekwa mafiga matatu kama ilivyo desturi, kwa maana mama yake mzee hakutaka kuota moto mahali pengine. Mwaka haukuisha, na nyumba mpya ikanuka moshi kama nyumba ya zamani. Mapazia yalinuka, mablanketi yalinuka, hata barua zilizofungwa sandukuni zilinuka. Mwanawe wa kwanza alikuwa karani mjini. Kila alipokuja kulala nyumbani mwisho wa juma, alirudi kazini Jumatatu na shati lililofuliwa na kupigwa pasi, lakini wenzake hawakuhitaji kumwuliza alilala wapi.

Mkulima huyo alifanya kama wengi wafanyavyo. Alinunua rangi akapaka kuta mara ya pili, na alipoona harufu imerudi akapaka mara ya tatu. Mkewe alifukiza udi na ubani. Kwa siku chache nyumba ilinukia vizuri. Lakini mvua za Aprili zilipoanza kunyesha, harufu ile ile ilitoka ukutani, na madoa ya rangi ya chai yakajitokeza juu ya rangi nyeupe. Fedha za rangi zilikuwa zimepotea bure.

Kosa lake halikuwa uvivu wala ubahili. Kosa lake ni kwamba alipigana na harufu bila kujua imekaa wapi na inatoka wapi. Mwenye kuyajua mambo hayo mawili ataweza kuiondoa kwa magadi, sabuni, jua na upepo, tena kwa gharama ndogo kuliko debe moja la rangi.

MOSHI HUACHA NINI NYUMA YAKE?

Watu wengi hudhani kwamba moshi ni kama upepo, ukipita umepita. Sivyo. Moshi wa kuni ni mchanganyiko wa hewa za namna nyingi, vumbi jeusi liitwalo masizi, na matone madogo mno ya mafuta mazito yanayofanana na lami. Kuni zikipata moto mkali na hewa ya kutosha, sehemu kubwa ya mafuta hayo huungua yakaisha. Lakini kuni mbichi, au kuni zilizosongamana mafigani pasipo hewa, haziungui vizuri. Maji yaliyomo ndani yake hupoza moto, na mafuta yasiyoungua hupanda juu pamoja na moshi. Moshi huo ukikutana na kitu baridi, kama ukuta wa mawe au bati wakati wa usiku, mafuta huganda pale, kama vile mvuke wa birika ugeukavyo kuwa maji kwenye kifuniko.

Mafuta hayo ndiyo yaliyobeba harufu. Vitu vilivyomo ndani yake ndivyo viwapavyo samaki na nyama iliyokaushwa kwa moshi ladha yao ijulikanayo. Havitoki mara moja; hutoka kidogo kidogo kwa muda wa miezi mingi, na hutoka kwa wingi zaidi wakati wa joto au wa unyevu. Ndiyo sababu nyumba iliyoonekana kuwa safi katika Februari huanza kunuka tena mvua zinapoanza, ingawa hakuna moto mpya uliowashwa ndani yake.

Tena, si vitu vyote vinavyonyonya moshi sawasawa. Kioo, chuma na ukuta uliopakwa rangi ya mafuta hushika mafuta hayo juu tu, na kuyaosha ni rahisi. Udongo, mbao zisizopakwa rangi, nyasi za paa, nguo, mazulia, magodoro na karatasi zina vitundu vingi visivyoonekana, na moshi huingia humo ndani. Vitu hivi vyataka subira na kazi ya namna nyingine.

ANZA NA MASIZI MAKAVU

Kazi hii yafaa ifanywe katika siku za jua, mapema asubuhi, ili nyumba ipate mchana mzima wa kukauka. Kwanza madirisha na milango yote ifunguliwe, hasa ile inayoelekeana, ili upepo uingie upande huu na kutokea upande wa pili. Vyombo vyote vinavyoweza kubebwa vitolewe nje, hata picha za ukutani, kwa kuwa nyuma ya picha na juu ya kabati ndipo masizi hukaa bila kuonekana.

Hapa ndipo wengi hukosea: huleta maji mara moja. Masizi yakiguswa na maji hugeuka kuwa wino, yakaingia ukutani na kuacha doa baya kuliko lile la kwanza. Hapana budi yaondolewe yakiwa makavu. Achukue mtu ufagio laini au kitambaa kikavu kilichofungwa kwenye mti mrefu, aanze darini na kwenye boriti, kisha ashuke ukutani, na mwisho afagie sakafu. Kitambaa kikijaa masizi kikung'utwe nje, wala kisisuguliwe kwa nguvu.

Anayefanya kazi hii afunge kitambaa puani na mdomoni, afunike nywele, na watoto wakae mbali. Masizi si uchafu wa kudharauliwa. Mwaka 1775 tabibu mmoja wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wafagiaji wa dohani katika mji ule walikuwa wakipatwa na saratani ya ngozi kwa sababu ya masizi yaliyowakaa mwilini. Ilikuwa moja ya mara za kwanza kwa watu kutambua kwamba kazi ya mtu yaweza kumletea ugonjwa huo.

KUOSHA KUTA

Baada ya masizi kuondoka ndipo maji yafaa. Mafuta ya moshi wa kuni yana uchungu wa asidi, na dawa yake ni kitu kilicho kinyume cha asidi. Kitu hicho ni magadi ya kufulia, yaani magadi ya namna ile ile yachimbwayo katika Ziwa Magadi, katika Bonde la Ufa. Vikombe viwili vya magadi katika debe moja la maji ya vuguvugu, pamoja na sabuni kidogo, vyatosha kuta za chumba cha kadiri. Ukuta uoshwe sehemu ndogo ndogo kwa sponji au kitambaa, kuanzia chini kwenda juu. Kwa maana maji machafu yakichuruzika juu ya ukuta mkavu huacha michirizi isiyotoka upesi. Kila sehemu ikishaoshwa isuuzwe kwa maji safi na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Maji yabadilishwe mara yanapokuwa meusi. Mwenye kuosha ukuta mzima kwa maji ya debe moja huyahamisha masizi tu kutoka mahali hapa kuyapeleka mahali pale.

Yafaa kukumbuka mambo matatu. Kwanza, magadi hukausha na kuchubua ngozi, basi mtu avae glavu za mpira, tena ajihadhari yasimwingie machoni. Pili, magadi hula alumini na zinki, kwa hiyo sufuria za alumini na mabati ya paa yaoshwe kwa sabuni ya kawaida na maji mengi. Tatu, ikiwa nyumba ina umeme, uzimwe kabla ya kuosha karibu na swichi, na maji yasimwagwe hapo.

Karani aliyepanga chumba mjini huenda akakuta harufu ya namna nyingine, yaani ya tumbako ya mpangaji aliyemtangulia. Ukuta wa mvuta tumbako hugeuka manjano na kunata. Nikotini iliyomo haina asidi kama mafuta ya kuni, bali ni kinyume chake, na kwa sababu hiyo siki husaidia. Kikombe kimoja cha siki nyeupe katika vikombe vitatu au vinne vya maji hutosha kupangusia kuta, milango na vioo baada ya kuosha kwa sabuni. Harufu ya siki yenyewe huondoka ikikauka.

Lakini jambo moja lisifanywe kamwe: siki isichanganywe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Vikikutana hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Kadhalika dawa hiyo isichanganywe na dawa yenye amonia. Watu wamedhurika vibaya katika vyumba vidogo vya kuogea kwa kudhani kwamba dawa mbili zina nguvu kuliko moja.

NGUO, MAGODORO NA VITABU

Nguo iliyonuka moshi isipigwe pasi kabla ya kufuliwa, kwa kuwa joto la pasi hukaza mafuta katika nyuzi. Kwanza ikung'utwe, kisha ianikwe penye upepo nusu siku, ndipo ilowekwe. Vijiko vichache vya magadi ya kuokea mikate katika beseni la maji, nguo ikalala humo usiku mmoja, husaidia sana. Baada ya kufua kwa sabuni, kikombe cha siki katika maji ya mwisho ya kusuuza huondoa mabaki ya harufu na ya sabuni pia. Ikiwa harufu bado imo, nguo irudiwe kufuliwa kabla ya kuanikwa juani. Isifichwe kwa manukato.

Mablanketi na mapazia hufuliwa vivyo hivyo. Godoro la pamba au sufi lifumuliwe, pamba ichambuliwe na kuanikwa juani, na kitambaa chake kifuliwe. Godoro la sponji lisimamishwe juani na kugeuzwa siku kadhaa mfululizo, nalo linyunyiziwe magadi ya kuokea, yakae saa chache kisha yapigwe na kutolewa. Lakini ni kweli kwamba sponji iliyokaa katika moshi miaka mingi huenda isitakate tena, na mwenye nayo hana budi kuiacha.

Vitabu, vyeti vya shule na hati za shamba havioshwi. Vifunguliwe kurasa kivulini penye upepo, si juani, ili karatasi isikauke na kugeuka manjano. Kisha viwekwe katika sanduku kubwa lenye kifuniko, na pembeni kiwekwe chombo chenye makaa makavu yaliyopondwa, pasipo kugusana na karatasi. Huenda mtu akashangaa kuona mwana wa moto akitumwa kuondoa harufu ya moshi. Lakini makaa yasiyowashwa yana vitundu vingi mno, nayo hunyonya harufu. Bakuli la makaa kama hayo, au la magadi ya kuokea, likiwekwa kabatini hufanya kazi hiyo hiyo kwa siku nyingi. Yabadilishwe kila baada ya majuma machache.

UDONGO, CHOKAA NA RANGI

Ukuta wa udongo hauoshwi. Njia yake ni ile waliyoijua wazee: ukwanguliwe tabaka la juu lililoshika weusi, kisha ukandikwe upya kwa udongo safi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Tabaka jipya likikauka laweza kupakwa chokaa.

Chokaa ni rafiki wa mtu asiye na fedha nyingi. Watu wa pwani wameitengeneza tangu zamani kwa kuchoma mawe ya matumbawe. Hurogwa katika maji, huchujwa, na hupakwa nyembamba kama maziwa mara mbili au tatu juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Huua kuvu, hung'arisha chumba, na kwa kuwa nayo ni kinyume cha asidi, hupunguza harufu iliyobaki. Lakini chokaa ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Yeyote anayeipaka darini avae miwani.

Ama rangi, msomaji amekwisha kuona yaliyompata mkulima yule. Rangi ya maji ikipakwa juu ya mafuta ya moshi haiyazuii. Mafuta hupenya yakatoka nje kama madoa ya chai. Kwanza ukuta uoshwe na kukauka kabisa. Ikiwa madoa bado yamo, ipakwe rangi ya msingi ya mafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya kuziba madoa, na ile ya mwisho ije juu yake.

Tena isisahauliwe kwamba kufukiza si kusafisha. Udi na ubani ni vitu vizuri, nao wana heshima yao katika nyumba za pwani wakati wa arusi na wa kukaribisha wageni. Lakini udi nao ni moshi. Mtu anayefukiza udi katika chumba chenye masizi huongeza moshi juu ya moshi, kama mtu avaaye kanzu safi juu ya mwili usiooga.

MOSHI WENYE KAZI YAKE

Kusema hivyo si kusema kwamba wazee walikosa akili kwa kukaa na moshi. Moshi ulikuwa na kazi. Uliwafukuza mbu, ulikausha nyasi za paa na kuwazuia wadudu wasizile, na mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko hayakubunguliwa upesi. Mpaka leo Wakalenjin husafisha vibuyu vya mursik kwa kijinga cha mti kama senetwet, na mtu aliyelelewa kwa maziwa hayo hawezi kuambiwa kwamba harufu hiyo ni mbaya.

Basi hekima si kuuchukia moshi, bali kuuweka mahali pake. Mbegu za mahindi siku hizi zaweza kuhifadhiwa katika chombo kisichopitisha hewa, na mbu wazuiwe kwa chandarua. Kibuyu kifukizwe, ila mapafu ya mtoto si kibuyu.

HARUFU NI MJUMBE

Harufu ya moshi ingekuwa aibu tu, mtu angeweza kuivumilia. Lakini harufu ni mjumbe. Yaliyokwama ukutani ndiyo yaliyovutwa mapafuni. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyoletwa na moshi wa majumbani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Moshi huongeza hatari ya kichomi kwa watoto wachanga, na kwa watu wazima huleta maradhi ya mapafu, ya moyo, kiharusi na saratani. Waumiao zaidi ni wanawake wapikao na watoto wachanga waliobebwa migongoni mwao.

Tena kuna hatari ambayo mjumbe huyu haitangazi. Makaa yakiwaka vizuri hayana moshi mwingi wala harufu kubwa, na kwa sababu hiyo watu huyaamini. Katika miezi ya baridi, tangu Juni mpaka Agosti, watu wa milimani huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Makaa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu ikaizuia isichukue oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Na aliyekwisha kulala huenda asiamke. Jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika, nalo ni chombo kizuri. Lakini hata hilo halifai kulala nalo chumba kimoja. Basi mtu asidhani kwamba pasipo harufu hapana sumu.

KUZIBA CHANZO

Kazi yote iliyotajwa ni bure ikiwa moto utaendelea kutoa moshi ndani ya nyumba. Jambo la kwanza ni kuni. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake yaweza kuwa maji. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa penye upepo, zikae miezi sita au zaidi. Kuni kavu hutoa moshi mdogo, huivisha chakula upesi, na mwenye shamba ataona kwamba anatumia miti michache. Maharagwe na mahindi makavu yakilowekwa usiku mmoja, na sufuria ikifunikwa, saa za moto hupungua tena.

Jambo la pili ni njia ya moshi. Dirisha moja halitoshi. Moshi hupanda, basi na upewe tundu juu, kati ya ukuta na paa. Bora zaidi ni kujenga meko yenye dohani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na kazi katika Kajiado na magharibi ya Kenya ya kutengeneza vifuniko vya bati vinavyoning'inia juu ya meko na kuupeleka moshi nje kwa bomba, na moshi ndani ya nyumba zile ulipungua kwa zaidi ya nusu. Fundi wa bati wa soko lolote aweza kukitengeneza kitu kama hicho. Bomba lipite juu ya kilele cha paa, lisiguse nyasi wala boriti, na lisafishwe mara kwa mara, kwa kuwa mafuta yale yale ya moshi huganda ndani yake na yaweza kushika moto.

Jambo la tatu, kwa mwenye uwezo, ni kubadili moto wenyewe. Gesi ya mtungi na umeme havitoi masizi ya kuni. Gesi yenyewe hutiwa harufu makusudi ili ikivuja watu wajue. Na anayesikia harufu hiyo asiwashe kiberiti wala taa, bali afungue milango na kufunga mtungi.

MWISHO WA MAMBO YA MKULIMA

Mkulima yule, baada ya rangi yake ya tatu kuharibika, aliona kwamba hapana dawa ila kuyatoa mafiga nyumbani. Lakini neno hilo halikuwa jepesi. Mama yake aliishi kando ya moto tangu kuolewa kwake. Moto ule ndio uliompikia mumewe marehemu na kuwakusanya wajukuu jioni. Mwana atamwambiaje mama yake kwamba moto wake unanuka?

Jioni moja mjukuu wa miezi saba alikuwa akikohoa mapajani mwa bibi yake.

"Mama," mkulima alisema, "naona moshi huu unamsumbua mtoto."

"Mwanangu, wewe nawe ulilelewa katika moshi huu, na hukufa."

"Ndivyo, Mama. Mimi sikufa."

Mzee alinyamaza. Walikuwa wawili aliowalea kando ya moto ule, mmoja akabaki, na mwingine, binti, alichukuliwa na kichomi kabla hajatambaa. Hakuna awezaye kusema kwamba ni moshi uliomwua, wala mkulima hakusema. Mama aliyatazama mafiga kwa muda, kisha akamfunika mtoto vizuri, akasema, "Basi nijengee mahali pa kukaa huko nje. Sitaki kusimama kama mgeni."

Wakajenga. Jiko jipya lilikuwa hatua kumi kutoka nyumbani, lenye meko iliyoinuliwa, dohani ya bati, na benchi pana la udongo kando ya ukuta, mahali pa mzee na wajukuu kuota moto pasipo kumezwa na moshi. Mafiga matatu yalichukuliwa na mama mwenyewe, akayapanga uani pa jiko hilo. Katika Januari, siku za jua, nyumba kubwa ilifunguliwa milango, masizi yakafagiliwa makavu, kuta zikaoshwa kwa magadi, magodoro yakasimamishwa juani siku nne, na ukuta wa jiko la zamani ukapakwa rangi ya msingi, kisha nyeupe.

Mvua za Aprili zilipokuja, mkulima aliingia chumba kwa chumba, akasimama, akavuta pumzi. Palinuka mvua na sabuni. Mtoto alikuwa amelala, na kifua chake kilipanda na kushuka bila sauti. Jumatatu karani alirudi mjini na shati lake, na hakuna aliyesema neno.